Jamaa yangu aliacha kutetemeka, mimi nikafurahi. Tuzungumze kuhusu joto la mwili kushuka

Mtembea_Nyuma

Wakuu, habari za muda huu.

Jambo hili nimekaa nalo tangu mwezi uliopita, nimeona niliandike kabla halijapoa (msinicheke). Tulikuwa watu saba tunashuka mlima. Theluji hakuna, barafu hakuna. Ni manyunyu tu, yale ambayo mtu huyadharau mpaka fulana ya ndani inagandamana na mgongo, pamoja na upepo wa kawaida. Kipimajoto kidogo ninachokining'iniza kwenye begi kilikuwa kinasoma nyuzi 9. Kazi yangu ni kutembea mwisho wa msafara ili asibaki mtu. Mbele yangu alikuwa jamaa yangu, mtu wa miraba minne, na asubuhi yake ndiye aliyekuwa akiwasaidia wenzake mizigo.

Kwanza akanyamaza. Huyu ni mtu wa utani tangu alfajiri, lakini nikajiambia amechoka. Halafu akaanza kujikwaa mahali pasipo na jiwe. Nikamwambia afunge zipu ya koti. Akaishika zipu, akaitazama kana kwamba hajawahi kuiona, akaiachia. Nikamuuliza, unasikia baridi? Akanijibu kwa ukali: "Niache bwana, niko sawa." Maneno mazito mdomoni kama ya mlevi, na hakuwa ameonja kitu. Sasa, kwa muda wa saa nzima kabla ya hapo alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Wakati huu ametulia tuli. Mimi nikafurahi. Nikasema moyoni, afadhali, mwili umeshapata moto.

Hapo ndipo nilipokosea. Hakuwa amepata moto. Mwili ulikuwa umeishiwa kuni.

Dakika chache baadaye akaanza kuvua koti. Kwenye mvua! Anasema anaungua. Hapo ndipo nilipopiga kelele msafara usimame.

Nimesoma sana tangu siku ile, na kuna watu wa afya humu watanisahihisha. Joto la ndani ya mwili ni karibu nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, hiyo ndiyo hali inayoitwa haipothemia. Nyuzi mbili tu, wakuu. Ukipata homa ya nyuzi 39 kila mtu nyumbani anahangaika, lakini ukishuka nyuzi mbili upande wa pili watu wanakwambia jikaze.

Baridi ikianza, mwili hubana mishipa ya damu ya kwenye ngozi, mikono na miguu, damu irudi kifuani na kichwani kuliko na viungo visivyoweza kungoja. Ndiyo maana vidole hufa ganzi mapema. Ndiyo maana pia mtu aliye kwenye baridi anabanwa na mkojo kila mara: damu ikijazana katikati, mwili huona kama maji yamezidi, figo zinayatoa. Kisha kunakuja kutetemeka, ambako ni misuli kufanya kazi isiyo na maana yoyote ila joto. Kunaweza kuzalisha joto mara kadhaa kuliko la mtu aliyetulia, hata kufikia mara tano. Lakini kazi hiyo inatafuna sukari. Mtu aliyechoka, mwenye njaa, ambaye ametembea kutwa, hana cha kutetemekea kwa muda mrefu.

Kati ya nyuzi 35 na 32 mtu bado anatetemeka, bado anajibu, ila mikono imekuwa ya kuazima. Chini ya 32 kutetemeka hupungua na kisha hukoma, akili inazidi kufunikwa na ukungu, usingizi unamvuta. Chini ya 28 kwa kawaida hana fahamu na moyo wenyewe unaweza kupoteza mpangilio wakati wowote. Hizi namba si mstari wa chaki, watu hutofautiana. Huko njiani huwezi kupima, kwa hiyo mimi nimebaki na dalili nne za macho: anajikwaa, anaangusha vitu, anamumunya maneno, ananuna. Ukiona mbili kwa pamoja kwa mtu aliyelowa, acha kubishana naye, simamisha safari.

Na hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike simu niandike: baridi huanza na akili. Kabla hujaanguka, kile kiungo ambacho kingekwambia "uko hatarini" ndicho kimeshachoka. Kwa hiyo kumuuliza mgonjwa wa baridi kama anasikia baridi ni sawa na kumuuliza aliyelala kama amelala.

Karibuni.

Jua_Halizami

Mkuu uzi mzuri lakini naona ni mambo ya watu wa nchi za barafu. Mtu wa sehemu za joto haya yatamkuta wapi? Nyuzi 9 ni baridi ndiyo, lakini si ya kuua.

Mtembea_Nyuma

Jua_Halizami, mimi nami ningeandika hivyohivyo miezi miwili iliyopita. Kinachoua si kile kipimajoto cha hewani kinachosema, ni kasi ya joto kuondoka kulinganisha na kasi ya wewe kulitengeneza. Maji yanachukua joto la mwili haraka kuliko hewa ya kiwango hicho hicho kwa takriban mara 25. Mtu akilowa, ni kama amevaa mto wa maji. Upepo nao unapeperusha ile hewa ya vuguvugu iliyoishikilia ngozi, na kila tone linalokauka mwilini linaondoka na joto lake. Ukikaa chini, ardhi inakunyonya kupitia makalio. Ukiongeza njaa na uchovu, nyuzi 9 au 10 zinatosha sana. Ndani ya maji hata nyuzi 20 na kitu zinatosha, muda tu ukiwa mrefu.

Tena watu wa sehemu za joto ndio wanaoponzwa zaidi kwa kutojiandaa. Anayeishi kwenye barafu anajua adui yake.

Mkunga_Zamu_ya_Usiku

Naomba nimjibu Jua_Halizami kwa upande wangu. Kaka, mgonjwa wangu wa baridi hajawahi kupanda mlima. Ana dakika tano tangu azaliwe.

Mtoto anatoka kwenye nyuzi 37 za tumboni, amelowa mwili mzima, anaingia kwenye chumba ambacho sisi watu wazima tunakiona kina joto la kutosha, feni inazunguka, dirisha liko wazi. Yale maji yanaanza kukauka juu ya ngozi yake na yanamteremsha joto kwa dakika. Hawezi kutetemeka kama wewe. Anachotegemea ni mafuta maalumu ya rangi ya kahawia yaliyo shingoni na kati ya mabega, ambayo mwili wake unayachoma kupata joto, na kuyachoma kunakula oksijeni na sukari. Aliyezaliwa kabla ya wakati hata hayo mafuta hana ya kutosha. Kwa hiyo unaona mtoto amepoa, hanyonyi vizuri. Hanyonyi, sukari inashuka. Sukari ikishuka anazidi kupoa. Ni duara.

Kwa mtoto mchanga mpaka ni mwingine kabisa. Shirika la Afya Duniani linataka awe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Chini ya 36.5 tayari tunahesabu amepoa, hatungoji 35. Chini ya 32 ni hali mbaya sana.

Tunachofanya si cha gharama. Chumba cha kuzalia kiwe na nyuzi 25 au zaidi, bila upepo unaopita. Mkaushe mara tu anapotoka, mwili na kichwa, kisha ile nguo iliyolowa IONDOKE (nimeona wanamkausha vizuri, halafu wanamfunga na nguo ileile mbichi). Mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, kofia kichwani. Aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Na kuoga kusubiri, angalau saa 24. Hapo ndipo tunapogombana na ndugu kila siku. Ule utando mweupe anaozaliwa nao kwenye ngozi si uchafu, jamani. Unamfaa mtoto, muacheni nao.

Nyumbani ambako hamna kipimajoto: gusa tumbo lake na nyayo zake kwa mkono wenye joto. Vyote vya moto, salama. Tumbo la moto lakini nyayo za baridi, ameanza kupoa, mweke kifuani sasa hivi. Tumbo na nyayo vyote vya baridi, hapo ni hatari, aende kituo cha afya akiwa kifuani kwa mtu njia nzima, si kwenye kikapu.

Mama_Watatu

Dada mkunga Mungu akuzidishie. Mwanangu wa pili alizaliwa na kilo 1 na nusu, nikakaa naye kifuani kama kangaruu wiki kadhaa. Wakati ule nilidhani wananipa hiyo kazi kwa sababu mashine za kuwapasha watoto joto zimejaa.

Mkunga_Zamu_ya_Usiku

Mama Watatu, mwanzo wake kweli ulikuwa uhaba. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine, wanalazwa wawili wawili, wanaambukizana. Akawaweka kwenye vifua vya mama zao. Ikaonekana wanaishi. Kwa miaka mingi ilisemwa mtoto atulie kwanza ndipo aanze kangaruu. Kisha ukaja utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukaonyesha kwamba kuanza mara baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo kwa watoto wadogo wa aina hiyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake. Kwa hiyo kifua chako hakikuwa mbadala wa mashine, mama. Wala baba asijifiche, kifua chake nacho kinafaa.

Kijiwe_Namba_Tatu

Wote mnazunguka tu, dawa ya baridi inajulikana. Vikombe viwili vya kile kikali, damu inachemka. 😂

Gari_la_Wagonjwa

Kijiwe, natia timu kwa sababu yako. Nafanya kazi ya kubeba wagonjwa na hiyo "dawa" yako ninaifahamu kwa harufu.

Pombe inafungua ile mishipa ya ngozini ambayo mwili uliifunga kwa makusudi. Damu ya moto inakimbilia nje, unasikia raha, na joto linamwagika hewani. Unachokisikia kama joto ni joto linalokuaga. Juu yake, pombe inapunguza kutetemeka, inalitatiza ini lisitoe sukari, na inakupa ujasiri wa kulala mtaroni. Watu wengi waliopoa ninaowachukua mjini ni walevi waliolala nje usiku wa mvua, na mara nyingi kila mpita njia alimwona akasema "huyu amelewa tu". Amelewa, ndiyo. Na amepoa. Mambo mawili yanakaa kwa mtu mmoja bila kugombana.

Sasa Mtembea_Nyuma, simulia mlichomfanyia jamaa yako. Nina kalamu nyekundu.

Mtembea_Nyuma

Nasubiri hukumu, mkuu.

Tulimsogeza nyuma ya jabali, upepo usimfikie. Tukatandika mabegi na kamba chini ili asilale kwenye ardhi, turubai juu. Nguo zilizolowa tukamvua, tukamvalisha sweta kavu za watu watatu tofauti, tukamwingiza kwenye mfuko wa kulalia na huo mfuko tukauzungushia nailoni kubwa. Mmoja akachemsha maji, tukajaza kwenye chupa mbili, tukazifunga soksi, tukaziweka kwapani. Alipoanza kutetemeka tena na kuongea vizuri tukampa maji ya moto yenye sukari nyingi. Kuna mwenzetu alikuwa ameanza kumsugua miguu kwa nguvu, tukamzuia, sikumbuki kwa nini, nadhani nilisikia mahali. Baada ya kama dakika 40 tukamsimamisha, tukashuka naye.

Gari_la_Wagonjwa

Mmefanya vizuri kuliko wengi. Nailoni ni jambo ambalo watu hawalijui: inazuia unyevu usikauke na kuondoka na joto, na inakata upepo. Chupa kwapani na kifuani, sawa kabisa, na soksi juu yake ni lazima, maana ngozi iliyopoa inaungua bila mwenyewe kusikia. Sukari sawa, kwa sababu alikuwa macho na anameza. Asiyejitambua vizuri asipewe kitu mdomoni, atakiingiza kwenye mapafu.

Kusugua mlizuia kwa haki. Ngozi iliyopoa inaumia, na lengo letu ni kifua kipate joto kwanza, si miguu. Kwa sababu hiyohiyo hatumtumbukizi mtu aliyepoa sana kwenye beseni la maji ya moto: mishipa inafunguka ghafla, shinikizo la damu linaporomoka.

Kalamu nyekundu sasa. Mtu aliyeacha kutetemeka na kuanza kuvua nguo si mtu wa kusimamishwa akatembea mapema. Alipaswa kulala chali, kubebwa kwa upole, na msaada kuitwa. Damu iliyopoa miguuni ikirudi katikati, joto la ndani linaweza kuendelea kushuka hata baada ya kuanza kumpasha. Na moyo uliopoa una hasira. Kumkurupusha, kumnyanyua vibaya, kumwangusha kwenye machela, kunatosha kuufanya upapatike badala ya kudunda. Mimi humbeba mtu wa baridi kama trei ya mayai.

Aliyepoa kidogo, anayetetemeka kwa nguvu na kujibu vizuri, huyo ni habari nyingine. Mkaushe, mlishe, akae atetemeke kwanza kwa nusu saa hivi, kisha atembee polepole.

Mtembea_Nyuma

Kumbe ilikuwa bahati. Nimeelewa, mkuu.

Nanga_Mkia

Nisaidie upande wa maji, nimekaa baharini miaka mingi.

Watu wanadhani ukitumbukia kwenye maji baridi utakufa kwa haipothemia. Wengi hawafiki huko. Wanakufa dakika za mwanzo. Maji ya chini ya nyuzi 15 yakikupiga kifuani unavuta pumzi kwa nguvu bila kupenda, kisha unahema kama umekimbizwa. Ile pumzi ya kwanza ukiivuta kichwa kikiwa chini, umekwisha. Gordon Giesbrecht, mtafiti wa baridi wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ameliweka katika namba ambazo tunawafundisha vijana: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kutuliza pumzi, usifanye kingine. Dakika 10 hivi ambazo mikono bado inakutii, zitumie kujitoa au kujifunga kwenye kitu. Saa 1 hivi kabla hujapoteza fahamu kwa baridi. Hizo ni kwa maji baridi sana, lakini ona maana yake: una muda mwingi kuliko unavyofikiri, ila mikono haina. Zipu, kamba, filimbi, vyote vishughulikie ndani ya zile kumi.

Ndiyo maana jaketi okozi linavaliwa KABLA. Anayeliweka chini ya kiti anasema atalivaa ikitokea shida. Kwa vidole vipi?

Usiku wa kuamkia Aprili 15, 1912, Titanic ilipozama, maji yalikuwa karibu nyuzi 2 chini ya sifuri (ya chumvi hayagandi kwenye sifuri). Walikufa watu takriban 1,500, na wengi waliobaki majini walikuwa wamevaa majaketi na wanaelea. Hawakuzama. Walipoa.

Ukiwa na jaketi na hakuna pa kwenda, usiogelee ovyo, kuogelea kunamwaga joto. Kunja magoti kifuani, bana kwapa, tulia. Mkiwa wengi kumbatianeni duara, watoto katikati. Na chombo kikipinduka, panda juu yake kadiri unavyoweza. Utasikia upepo ni mkali kuliko maji na utatamani kurudi. Usirudi. Hewa inaiba kidogo kidogo, maji yanabeba gunia.

Sina_Haraka

Mtembea_Nyuma umesahau kitu muhimu: karibu nusu ya joto la mwili hupotea kupitia kichwani. Vaa kofia tu, mengine ziada.

Mtembea_Nyuma

Hiyo nami niliiamini miaka yote. Ilisambazwa na mwongozo mmoja wa jeshi la Marekani ulioandika asilimia 40 hadi 45. Kichwa cha mtu mzima ni kama asilimia 10 ya ngozi yake, na joto linalopotea hapo halizidi sana kiasi hicho. Ukitembea na kofia bila suruali utaligundua mwenyewe.

Mkunga_Zamu_ya_Usiku

Kofia kwa mtoto mchanga ibaki, tafadhali. Kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake. Msije mkavua kofia za watoto kwa sababu ya uzi.

Mjukuu_Mlezi

Shikamooni wakubwa. Mimi nalea bibi yangu, ana miaka 83. Msimu wa baridi asubuhi namkuta anaongea vitu visivyoeleweka, mikono ya baridi, lakini akipigwa na jua mchana anarudi sawa. Tumezoea kusema ni uzee. Nimempima na kipimajoto cha kioo mara mbili, kinasoma 35 palepale, hakishuki. Kwa hiyo si haipothemia?

Gari_la_Wagonjwa

Marahaba. Kijana, asante kwa kuuliza, na soma hapa kwa makini. Kipimajoto cha kioo cha homa kinaanzia 35. Hakiwezi kushuka chini ya hapo hata ukikiweka kwenye jokofu. Kimetengenezwa kutafuta homa. Kwa hiyo "35 palepale" maana yake ni 35 AU CHINI. Vingi vya kidijitali navyo hufika 32 hivi, kisha vinaandika L au Lo, na watu wanadhani betri imekwisha. Hospitali wana vya kupima chini zaidi.

Mweke mkono tumboni au mgongoni chini ya nguo. Tumbo likiwa la baridi kama meza, hiyo si mikono ya uzee. Mpeleke akapimwe, asubuhi ileile akiwa katika hali hiyo, usingoje jua.

Mwili wa mzee hauisikii baridi mapema, hautetemeki vizuri, na misuli imepungua. Ongeza dawa: za usingizi, za akili, baadhi ya za maumivu. Tezi ya shingo ikifanya kazi polepole nayo inapunguza moto wa mwili. Maambukizi pia, kwa mzee maambukizi makali huweza kuja na mwili wa baridi badala ya homa. Mwambie daktari dawa zote anazotumia.

Mjukuu_Mlezi

Dah. Tezi aliwahi kuambiwa zamani, dawa akaacha. Nampeleka kesho.

Gari_la_Wagonjwa

Vizuri. Chumba chake kisishuke chini ya nyuzi 18, hicho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa nyumba, na kwa wazee heri kizidi. Lakini usiwashe jiko la mkaa chumbani huku mmefunga madirisha. Moshi wake usioonekana unaua haraka kuliko hiyo baridi. Na ukimkuta ameanguka sakafuni, jiulize amelala pale saa ngapi. Sakafu inanyonya.

Jua_Halizami

Nimerudi, nimenyamaza, nimesoma. Swali moja: mtu ukimkuta amepoa kabisa, mgumu, hapumui, unajuaje kama amekufa?

Gari_la_Wagonjwa

Mara nyingi hujui, na hapo ndipo kazi yetu inapoogopesha na kupendeza. Mwili ukipoa, mahitaji ya ubongo ya oksijeni yanashuka pia, kwa hiyo baridi ileile inayosimamisha moyo inaulinda ubongo kwa muda. Mwezi Mei 1999 daktari Anna Bågenholm alianguka kwenye mto uliofunikwa na barafu kaskazini mwa Norway akiwa anateleza kwa skii. Alikaa majini dakika 80, nusu ya muda huo akipumua kwenye uwazi mdogo chini ya barafu kabla moyo haujasimama. Alipofikishwa hospitali ya Tromsø joto lake lilikuwa nyuzi 13.7. Walimpasha damu kwa mashine ya moyo na mapafu, saa nyingi. Akaishi, akarudi kwenye udaktari.

Msitegemee muujiza huo. Wengi hawarudi, na yeye alipoa kabla ya kukosa hewa, hilo ni kubwa. Lakini kanuni ilibaki: hakuna aliyekufa mpaka apashwe joto na bado awe amekufa. Sikiliza pumzi na mapigo kwa dakika nzima, maana vinaweza kuwa vya polepole mno. Hakuna? Anza kukandamiza kifua na usiache kwa sababu tu ni wa baridi.

Mtembea_Nyuma

Lile la kuvua nguo, kabla sijasahau. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ile misuli inayobana mishipa ya ngozini inachoka na kuachia, damu ya moto inamiminika kwenye ngozi iliyoganda, mtu anahisi anaungua. Wengine hufikia kujificha, chini ya kitanda, nyuma ya kabati, kwenye kichaka. Watu waliowakuta wakiwa uchi na wamejibana mahali wamewahi kudhani ni ujambazi.

Begi_Moja

Mimi hutembea peke yangu. Sasa nani atanitazama nikijikwaa?

Mtembea_Nyuma

Hakuna, kwa hiyo maamuzi yafanye ukiwa bado na akili. Kabla ya kuondoka jiambie: nikilowa hadi ndani na upepo upo, nageuza, sina mjadala. Kisha njiani, kila unapopumzika, gusanisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono uleule. Vikikataa kukutana, umeshachelewa kidogo, simama uvae na ule. Kula kabla hujasikia njaa. Na jasho ni mvua ya ndani: vua tabaka moja unapopanda, livae unapokaa. Pamba ikilowa inakumbatia maji, sufu na nyuzi za kutengenezwa zina nafuu. Nguo moja kavu ifungwe kwenye nailoni, usiiguse mpaka siku ya shida. Na kuna mtu ajue saa ya kurudi kwako.

Miraba_Minne

Nimetumiwa huu uzi na watu watatu. Mimi ndiye "jamaa".

Mnataka kujua nilisikia nini? Sikusikia hatari hata kidogo. Nakumbuka zipu, nilijua ni kitu cha kuvuta lakini sikupata kuvuta kuelekea wapi. Nakumbuka kukasirika kwamba huyu bwana ananifuatafuata. Kisha joto, joto zuri kabisa, la kitandani. Baada ya hapo nakumbuka soksi kwapani.

Nashukuru kwa yote. Lakini kofia yangu ya sufu sijarudishiwa, na swali hili nimeliuliza kwenye kundi mara mbili kimya.

Mtembea_Nyuma

Uliitupa mwenyewe korongoni. Koti tuliliwahi, kofia ilitushinda.